Omugole na Ukurasa wa Vitenge

Rwamishenye, Bukoba
24 Januari 2025

Shangazi yangu mpenzi Elieth,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na upepo haujaangusha migomba huko Kamachumu. Sisi hapa ni wazima, mimi hasa, maana nalishwa kama ndama. Wifi Joviana anapika ndizi za ebitoke na maharage asubuhi, mchana na jioni, halafu anasimama mlangoni kuhakikisha nimemaliza.

Uliniambia simu ni ya misiba na mambo ya nyumba yaandikwe. Basi naandika. Jirani yako Kyaruzi akishateremsha ndizi zake sokoni hapa atakubebea.

Shangazi, ndoa ni tamu. Nilijua itakuwa tamu, sikujua ni hivi. Joackim akirudi kutoka kufunga sola anapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, ili tu anisikie nikisema karibu. Juzi aliniletea parachichi moja. Alilibeba mfukoni kutoka Katoma kwa pikipiki, likafika limepondeka na suruali imeharibika, tukalila kwa kijiko kimoja tukicheka. Nikimwangalia anavyofunga kamba za viatu, moyo unanienda mbio. Usimsomee mtu mwingine sehemu hii.

Siku kumi na tatu sasa mimi ni omugole, bibi harusi wa ndani, sijavuka kizingiti. Nimetii kila ulichoniagiza siku ya harusi: sijashika jembe, sijashika ufagio, sijachota maji. Ila kukaa tu kunanichosha mikono. Kwa hiyo Joackim ameniachia laptopu yake na najifunza kupanga kurasa za tovuti. Unakumbuka kadi za harusi nilizokuwa natengeneza pale stesheneri? Hii ni kazi kama ile, ila karatasi haiishi na watu wanaisoma kwenye simu. Mama Nayna, yule wa duka la vitenge mjini, niliyemchapia mabango yake tangu nimalize kidato cha nne, anataka nimtengenezee tovuti ya duka. Ni kazi yangu ya kwanza ya kweli. Nina furaha mbili ndani ya nyumba moja.

Mwanao,
Annastella


Kamachumu, Muleba
3 Februari 2025

Mwanangu Annastella,

Marahaba. Goti halijatulia. Migomba miwili imeanguka. Kyaruzi na mkewe hawajambo na wanakusalimu.

Nimesoma habari za parachichi. Nimemsomea na mke wa Kyaruzi, tumecheka mpaka chai ikapoa. Mwambie Joackim suruali hufuliwa kwa maji ya baridi.

Sasa nisikilize. Kompyuta ni kazi. Chochote kinachomfanya mtu aumwe shingo ni kazi. Usiniletee ujanja wa kusema sikuitaja siku ya harusi. Sikutaja pia kupanda juu ya paa, na sidhani umepanda. Omugole anakaa ndani, analishwa, anapumzika, anajulikana kwa watu wa mumewe, mpaka shangazi yake aje amshike mkono na kumtoa. Mimi nilikaa hivyo. Mama yako alikaa hivyo, na aliyemtoa ni mimi, maana shangazi yake alikuwa ameshafariki.

Nilikukabidhi mbele ya watu. Wakisikia umeanza kazi wiki ya pili hawatasema Annastella. Watasema omugole wa Elieth. Nimefundisha shule miaka thelathini na moja, nusu ya watu wa Muleba wanajua jina langu, na nusu hiyo ina midomo.

Funga hicho kidude.

Shangazi yako,
Elieth


Rwamishenye
12 Februari 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Pole kwa goti, na pole kwa migomba. Sisi tunaendelea vizuri. Jumapili Joackim alirudi kutoka kanisani akanihadithia mahubiri yote, na alipofika penye mapendo akasahau padri alisemaje, akanishika mkono tu.

Sijakifunga hicho kidude. Nakuambia mapema usije ukasikia kwa watu. Nimekaa ndani, nalishwa, napumzika. Vidole vyangu tu ndivyo vinatembea.

Lakini nina shida na sina wa kumwambia. Mama Nayna alikuja hapa mwenyewe, kwa kuwa omugole haendi kwa mtu. Alibeba kikapu cha picha za vitenge mia moja na arobaini. Akasema, "Vyote viwe ukurasa wa kwanza." Nikamwambia, mama, vitabanana. Akasema, "Binti, tangu enzi za baba mkwe wangu mzee Dhirajlal, duka letu halijawahi kuwa na rafu tupu. Mteja akiona nafasi tupu anajua tumefilisika." Nikafanya alivyotaka. Vitenge mia na arobaini, rangi zote zinapigana, na jina la duka linazunguka kama pia. Nilikuwa na fahari. Nikamwonyesha Joackim. Akatazama muda mrefu, kwa huruma, akasema, "Mke wangu, ni nzuri sana. Ila macho yangu hayajui pa kukaa."

Nililia. Akanichemshia chai. Nikaufuta wote.

Na si hilo tu. Mtoto wa Mama Nayna, Vipul, yuko Mwanza. Yeye anataka kazi apewe bwana mmoja wa huko mwenye kurasa zilizo tayari, anabadilisha jina tu na kumaliza kwa siku moja. Mama Nayna amenipa mpaka kabla ya Pasaka, watu wanaponunua vitambaa. Nikishindwa, anapewa yule, na mimi narudi kwenye kuchapa kadi. Shangazi, sitaki kurudi huko. Nataka nitengeneze kitu ambacho hakikuwepo.

Mwanao,
Annastella


Kamachumu
22 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Huku mvua imeanza na barabara ni tope tupu, Kyaruzi ameanguka mara moja na ndizi zake.

Sijakubali. Lakini nimeudhika kuona binti wa ukoo wetu anashindwa na jambo la kibanja cha migomba. Baba yako pale Izimbya huacha machipukizi mangapi kwenye shina moja? Matatu. Mama, mtoto, mjukuu. Mama amebeba mkungu, mtoto anafuata, mjukuu anachungulia. Mengine yote anang'oa, hata yakiwa mazuri, hata moyo ukiuma. Ukiyaacha yote unapata msitu, na mikungu inatoka kama vidole vya mtoto mchanga. Huyo Mama Nayna wako ana machipukizi mia na arobaini kwenye shina moja, halafu anashangaa. Na nafasi kati ya shina na shina si shamba lililolala. Ndipo mwanga unapopita.

Hili sijaliandika kukusaidia. Nimeliandika kukuonyesha kwamba yote unayohangaika kuyatafuta kwenye kompyuta ulishayaona nyumbani ukiwa na miaka sita.

La pili. Miezi yako miwili ya kukaa ndani inaisha tarehe 11 Machi. Nimetazama kalenda ya kanisa: Jumatano ya Majivu ni tarehe 5. Hatuwezi kupiga ngoma na kula pilau ndani ya Kwaresima, sisi si wapagani. Kwa hiyo utatolewa Jumamosi baada ya Pasaka, tarehe 26 Aprili. Utakaa ndani mpaka hapo. Umri wako hautapungua kwa wiki sita.

Shangazi yako,
Elieth


Rwamishenye
10 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini Kwaresima imekuanzia vizuri. Sisi tumeacha nyama, na Joackim amejaribu kuacha sukari akashindwa siku ya pili, nikampenda zaidi.

Mama, mtoto, mjukuu. Nilisoma barua yako nikasimama katikati ya chumba. Nimeupanga ukurasa upya. Juu kipo kitenge kimoja tu, kikubwa, cha ndege wa bluu. Chini yake kingine cha wastani. Pembeni kidogo, kidogo kabisa, kinachungulia cha tatu, ukikigusa kinakuingiza ndani kwenye vingine vyote. Sehemu iliyobaki ni nyeupe. Mama Nayna alipouona alisema, "Mbona nusu ya ukurasa imelala?" Nikamsogezea laptopu. Akanyoosha kidole akapapasa skrini, kama mtu anayepima kitambaa kama ni pamba. Nilijua nimempata.

Sasa sikia kosa langu. Kazi yote nimeifanya kwenye laptopu ya Joackim, hapa karibu na dirisha, na kuijaribu kwenye simu yangu mpya aliyoninunulia. Hizo ndizo skrini mbili pekee nilizoziona miezi miwili. Juzi Mama Nayna aliwaonyesha wateja dukani. Herufi zikawa kama sisimizi. Kitufe cha kuagiza kikatokea nje ya kioo, hakuna aliyekiona. Mama mmoja wa Kisiwa cha Bumbire alifungua soda akingoja ukurasa ufunguke, akainywa yote, na picha ya ndege ilikuwa imefika shingoni tu. Akasema, "Huyu ndege amenyongwa?" Duka zima likacheka.

Nimeuliza maswali kwa barua, nimeuliza kwa simu, nimemtuma Joviana akaangalie. Anarudi anasema, "Wanabonyeza tu." Wanabonyeza wapi? Kwa kidole gani? Hajui, na si kosa lake. Lazima niwaone mwenyewe watu wakishika simu zao. Hakuna njia nyingine ya kuijua kazi hii, na siwezi kungoja tarehe 26 Aprili, Pasaka itakuwa imepita na Vipul atakuwa ameshampa yule bwana.

Kwa hiyo Alhamisi natoka. Siku tatu, dukani kwa Mama Nayna, kisha narudi ndani. Joackim amesema uamuzi ni wangu na pikipiki ni yake. Sitatoka kwa siri. Nakuandikia wewe kwanza.

Mwanao,
Annastella


Kamachumu
12 Machi 2025

Annastella,

Marahaba. Kyaruzi anasubiri nje na injini inawaka, kwa hiyo ni fupi.

Usivuke. Ukivuka kizingiti kabla sijaja, mimi tarehe 26 siji. Atakayekutoa utamtafuta mwenyewe.

Elieth,
shangazi yako


Rwamishenye
19 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo, na salamu kwa wote hapo nyumbani.

Barua yako ilicheleweshwa na tope, ikanifikia Ijumaa, nikiwa kwenye kaunta ya Mama Nayna siku ya pili. Niliisoma palepale, kati ya doti mbili za kitenge. Jumamosi nikaenda tena. Naandika hivyo ili usidhani nilitoka kwa sababu ilichelewa. Ingewahi, bado ningekwenda.

Joviana alinifunika kanga mbili kichwani kama anayeficha mgonjwa. Tulipopita kona ya Kashura, mama mmoja muuza nyanya alisema kwa sauti, "Huyu si omugole? Mbona anakula jua?" Joackim akasimamisha pikipiki, akazima injini, akamsalimu vizuri, akasema, "Mama, amenoga, nikaona si haki nimwone peke yangu." Mama yule alicheka akatupatia nyanya mbili. Shangazi, mwanamume kama huyu nitamkatalia nini?

Dukani nilikaa kwenye stuli nikatazama mikono. Siku tatu mikono tu. Nimeona wanawake wanashika simu kwa mkono wa kulia na mtoto kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo kila kitu kinafanywa na kidole gumba kimoja, na kidole hicho hakifiki juu. Kitufe changu nilikiweka juu. Nimeona simu nyingi za kupangusa zimepasuka kwenye kona, na jina la duka nilikuwa nimeliweka kwenye ile kona. Bibi mmoja alilamba kidole kabla ya kugusa, kama anayefunua kitabu cha nyimbo, na simu ikagoma. Mzee mmoja, anaitwa Mwijage, alifika mpaka mwisho kabisa, akaona nimeandika "Wasilisha", akaniuliza, "Nikibonyeza hapa nitaitwa kituoni?" Nikafuta neno hilo mbele yake, nikaandika "Agiza". Akabonyeza. Ndiye mteja wa kwanza wa tovuti yangu.

Kitufe nimekishusha pale kidole gumba kinapolala. Picha nimezipunguza uzito, ndege sasa anafika mzima kabla soda haijafunguliwa. Herufi nimezikuza. Na chini kabisa nimeandika: Mpangilio ni wa Annastella wa Izimbya. Mama Nayna aliuliza kama ni lazima jina langu liwepo. Nikamwambia ni lazima.

Haya yote yasingeingia dirishani kwangu hata ningekaa miaka. Sikutoka kukuvunjia heshima. Nilitoka kwa sababu kazi ilikuwa nje. Jumamosi jioni nilirudi ndani na nimekaa, kama nilivyokuambia. Hakuna aliyenirudisha.

Mwanao,
Annastella


Rwamishenye
14 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sijui goti likoje. Kyaruzi amekuja na ndizi mara tatu, na mara tatu nimemuuliza, na mara tatu amekuna kichwa akasema, "Mwalimu yupo, anakula, hasemi." Basi nafurahi unakula.

Sisi ni wazima. Nimejifunza kwamba Joackim anaimba akiwa usingizini, wimbo wa watoto wa chekechea, ubeti mmoja tu.

Tovuti ilifunguliwa rasmi kwa watu wote tarehe 2. Oda zinatoka Bumbire, zinatoka Biharamulo, na moja imetoka Izimbya kwetu, ya mama Kamala wa pale njia panda, aliyekuwa akisema kusoma kwangu ni kupoteza wakati. Vipul alipiga simu kutoka Mwanza kumuuliza mama yake ni bwana gani ametengeneza. Mama Nayna akamwambia, "Ni omugole wa Rwamishenye. Kama una neno, njoo umwambie ndani kwake, maana hatoki." Sasa anataka niendelee, na kuna hoteli moja ufukweni imeulizia jina langu. Chini ya kila oda nimeweka kisanduku kidogo cha maelezo, herufi mia moja na sitini, watu waandike wanachotaka. Nilidhani wataandika rangi. Wanaandika salamu. Mmoja ameandika kwamba ng'ombe wake amezaa.

Nafika kwenye jambo lenyewe. Tarehe 26 haijabadilika. Watu wa Joackim wamealikwa, ndizi zimekatwa za pombe ya rubisi. Mama Nayna amesema atanitoa yeye. Joviana naye amesema hivyo. Nimewakatalia wote wawili. Nafasi hiyo ni yako na sitaijaza na mtu mwingine. Nitasimama ndani ya kizingiti kuanzia asubuhi mpaka saa sita mchana. Ikipita saa sita hujaja, nitamshika mume wangu mkono nijitoe mwenyewe, mbele ya watu wote, nikitabasamu. Watakaotaka kusema waseme.

Siku zile tatu siziombei msamaha, Shangazi. Kuna mambo mengi ningekuomba msamaha, hata leo. Hilo halimo.

Nakupenda, na naandika hivyo nikiwa nimekasirika.

Mwanao,
Annastella


VITENGE VYA MAMA NAYNA – ODA MPYA
22 Aprili 2025
Jina: Elieth
Mahali: Kamachumu, Muleba
Kitambaa: Cha ndege wa bluu
Idadi: Doti 1
Maelezo: Marahaba. Goti bado. Hii ni simu ya Kyaruzi. Nimengoja hasira iishe, haijaisha. Siku zile tatu ulikosea na nitakuambia hivyo mbele ya mumeo na mbele ya wakw


VITENGE VYA MAMA NAYNA – ODA MPYA
22 Aprili 2025
Jina: Elieth yule yule
Mahali: Palepale
Kitambaa: Sitaki kingine
Idadi: 0
Maelezo: Kisanduku kimenikata katikati ya neno. Unamwachia ndege nafasi yote hiyo halafu mtu mzima unambana kusema. Kirefushe. Kitufe nimekiona bila kumuuliza Kyaru


VITENGE VYA MAMA NAYNA – ODA MPYA
22 Aprili 2025
Jina: Shangazi
Mahali: Nakuja kwako
Kitambaa: Kile kile, nitakuvisha mimi
Idadi: 0
Maelezo: Jumamosi saa nne nimefika. Nikikuta umeshajitoa nitakurudisha ndani nikutoe upya. Shangazi yako.